Uongo Niliousema Kileleni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa zebaki mkononi. Mkaguzi Mkuu wa mradi wetu, mtu mrefu aliyevaa kaptura yenye mkunjo wa pasi hata siku za matope, alifungua chupa ya dawa ya kikohozi akanimiminia kiganjani tone la ukubwa wa punje ya njugu. Lilikuwa zito kupita umbo lake, tena baridi, na halikutulia. Lilikimbia huku na huku kwenye mistari ya kiganja, nami nikawa nacheka kama mtoto.

"Unacheka?" akaniuliza. "Basi ujue hiyo unayochezea ndiyo itakayokulisha. Dhahabu iko ndani ya mchanga, haionekani. Zebaki huikusanya kama kuku anavyokusanya vifaranga. Kazi yako ni kuwafundisha watu wa Masara jambo hilo. Umeelewa, Mwita?"

"Nimeelewa, mkubwa."

"Na haiumi," akaongeza, akaikinga tena kwa chupa yake.

Naandika haya kwa vijana wanaonipitia hapa nyumbani, karibu na Isebania, wakitaka kujua fundi sampuli alikuwa mtu wa kazi gani. Sampuli ni kipande cha mwamba kinachotolewa shimoni ili kipimwe. Fundi sampuli hukiokota, hukipa namba, hukisaga, kisha husema kama kina kitu au ni jiwe tu. Lakini katika mradi wetu wa kuwasaidia wachimbaji wadogo, fundi huyo alikuwa pia mwalimu, mlinzi wa stoo, dereva ikibidi, na msuluhishi wa ugomvi wa mashimo. Vyeo vilikuwa vingi, barua ya kuajiriwa ilikuwa moja.

Nilianzia Homa Bay, kwa kuwa siku hizo Migori ilikuwa haijakatwa kutoka wilaya ya South Nyanza, na wakubwa wote walikaa huko karibu na ziwa. Miezi ya mwanzo nilihesabu nyundo na karai stooni. Kisha nikapelekwa Masara. Masara ya wakati ule ilikuwa vibanda vya mabati, mashimo yaliyotobolewa katikati ya mashamba ya mahindi, na sauti za kinamama wakiponda mawe kwenye vinu vya chuma tangu asubuhi. Mimi ni Mkuria, wao wengi ni Wajaluo, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili, kila mmoja na makosa yake. Waliniita Japuonj, yaani mwalimu, nami jina hilo lilinipendeza kuliko langu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Jiwe linapondwa hadi liwe unga. Unga unapitishwa na maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa gunia. Mchanga mwepesi unakwenda na maji, ule mzito unanaswa na nyuzi. Gunia linasuuzwa ndani ya karai. Hapo ndipo nilipoingia mimi na chupa yangu. Unatia zebaki, unasugua kwa mkono mtupu mpaka iishike dhahabu yote, unakamua kwenye kitambaa, na kinachobaki ni kidonge cheupe, laini kama donge la ugali. Kidonge hicho unakichoma kwenye makaa. Zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Nilifundisha hatua hizo kwa miaka mingi na nilizifundisha vizuri.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa mama mmoja mjane aliyeolewa kutoka Kadem, ndiyo maana kila mtu alimwita Nyar Kadem, binti wa Kadem. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Atieno, aliyekuwa bado anatambaa. Nyar Kadem alikuwa na mdomo mkali na mkono mwepesi. Angeweza kumimina chai vikombe sita bila tone kuanguka kwenye sinia, na wakati huohuo akawa anakugombeza kwa kuchelewa.

Alasiri moja alikuwa anachoma kidonge uani. Upepo ukapeperusha jivu likamwingia machoni, na alipogeuka kujifuta, mtu akapita mbio akanyakua kikopo chenye kidonge. Kazi ya wiki mbili ilikwenda hivyo. Nilimkuta ameketi chini hana la kusema, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake.

"Mama," nikamwambia, "kwa nini unachoma hadharani? Ingia jikoni, funga mlango, ziba na dirisha. Upepo hautakusumbua, mwizi hatakuona."

"Aa, Japuonj. Kumbe hiyo kichwa si ya kofia peke yake."

Neno hilo la kufunga mlango halikuwa kwenye kitabu cha mafunzo. Mkaguzi Mkuu hakulisema. Lilitoka kichwani mwangu, na haukupita mwezi Masara nzima ilikuwa inachoma jikoni, milango imefungwa. Wakaiita njia ya Japuonj. Mkaguzi Mkuu aliposikia aliniandikia barua ya pongezi kwa ubunifu wangu, nami nikaitia kwenye fremu nikaitundika sebuleni, pembeni mwa picha ya harusi.

Mkaguzi Mkuu alistaafu akaenda kufuga mbuzi kwao. Nafasi yake ikachukuliwa na Msimamizi wa Kanda, mtu mfupi asiyependa kusahihishwa. Nilimsahihisha mara moja mbele ya wageni, na wiki iliyofuata nikajikuta Remba, nimeazimwa kwa mradi wa samaki. Remba ni kisiwa cha ziwani ambacho ukinyoosha mkono dirishani unamgusa jirani. Nilipima mbuta mwaka mzima na kula omena, dagaa wa ziwani, asubuhi, mchana na jioni. Silalamiki. Anayemsahihisha mkubwa mbele ya wageni ajue kuogelea.

Aliyenirudisha Migori alikuwa Meneja wa Mradi, mama kijana msomi, mpole wa sauti, asiyesahau kitu. Yeye ndiye aliyetuletea habari kwamba zebaki ni sumu. Alituonyesha vijikaratasi vyenye picha ya mtu anayetetemeka. Nilivisoma, nikavigawa Masara kama nilivyoagizwa, na sikuviamini sana. Zebaki nilikuwa nimeishika tangu siku ya kwanza, nami nilikuwa mzima. Siku moja nilimwona Nyar Kadem akishika kikombe kwa mikono miwili, nikasema moyoni, uzee huo. Ukweli ni kwamba mimi nilimzidi umri kwa miaka sita.

Nilipobakiza miaka miwili nistaafu, Meneja alinichagua niende Ufilipino, wiki mbili, kujifunza jinsi wachimbaji wa milimani kule wanavyopata dhahabu bila zebaki. Wanatumia boraksi, poda nyeupe ambayo masonara wetu wanaijua tangu zamani. Unasafisha mchanga mzito kwa uangalifu mpaka uwe kidogo sana, unauchanganya na boraksi, unauyeyusha kwenye makaa yanayopulizwa kwa nguvu. Takataka huelea, dhahabu huzama chini ikawa tone. Ni njia inayotaka subira zaidi, na haina moshi wa sumu.

Nilisafiri na Masanja, fundi mwenzangu kutoka Geita, mtu mnene kidogo mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu na mzaha usioisha. Ndege ilikuwa ndefu. Nilimsimulia maisha yangu yote ya kazi, na sikusahau njia ya Japuonj wala barua iliyo kwenye fremu wala Mkaguzi Mkuu na mbuzi wake. Alisikiliza akicheka mahali pa kucheka.

Jumapili ya kwanza haikuwa na masomo. Wenyeji wetu wakasema watatupeleka kwenye kilele cha mlima ulio juu ya kijiji cha wachimbaji, tuondoke alfajiri, turudi jioni. Niliikosa misa kwa hiari yangu, na huenda yaliyofuata yalianzia hapo. Wageni wengine walikuja na viatu vya kupandia milima. Mimi nilivaa gambuti. Miaka thelathini gambuti zilikuwa zimenifikisha kila shimo nililotaka kufika, sikuona kwa nini mlima uzidharau.

"Mzee Mwita," Masanja aliniambia akizitazama, "tunapanda mlimani, hatuendi kupalilia mpunga."

"Wewe panda na yako, mimi nipande na zangu. Tutaulizana juu."

Kiongozi wetu alikuwa mzee wa pale kijijini, mwembamba, mfupi, aliyenizidi kama miaka kumi. Kule mtu kama huyo huitwa Manong, kama sisi tunavyosema kaka mkubwa, nasi tukamwita hivyo. Alikuwa amechimba dhahabu tangu ujana mpaka magoti yalipomkataza kuingia mashimoni; kupanda mlima, alisema, hayakumkataza. Kiingereza chake na changu vilikuwa vya daraja moja, kwa hiyo hatukusumbuana. Kabla ya kuanza tuliandika majina yetu, umri na kazi zetu kwenye daftari la kijiji. Mimi nikaandika mwalimu.

Njia ilianza ndani ya msitu wa misonobari, ikatoka kwenye ukingo wa nyasi fupi wenye bonde kulia na bonde kushoto. Saa moja ya kwanza nilimcheka Masanja. Saa ya pili gambuti zilianza kunila visigino. Mahali pamoja tulipita pango lenye mifupa ya wazee wao wa zamani. Manong akasimama, akavua kofia, akasema maneno machache kwa lugha yake kama mtu anayepita uani kwa jirani, kisha tukaendelea.

Karibu na juu palikuwa na mwamba mweupe uliopasuka, wenye madoa ya kutu. Wageni wengine walipiga picha mawingu yaliyokuwa yametanda chini yetu. Mimi na Masanja tuliinama kwa pamoja, kila mmoja akaokota kipande, tukakilamba. Msomaji asishangae. Jiwe likilowa huonyesha rangi yake ya kweli, na fundi hana muda wa kutafuta maji. Tulipoinua vichwa tukamwona Manong ametukazia macho, anacheka mpaka machozi.

"Mimi nimeulamba mlima huu wote," akasema. "Hapo hakuna kitu."

Sikumwamini. Nikatia vipande saba kwenye begi langu.

Kileleni palikuwa na nafasi kama ya uwanja wa shule ndogo, na upepo usiopumzika. Manong akatuonyesha chini, mbali, mabati ya bluu ya kijiji chake, midomo ya mashimo, na mto mwembamba unaopita katikati. Akatufungulia wali uliofungwa kwenye majani pamoja na visamaki vikavu vilivyokaangwa. Nilitafuna kimoja nikajikuta Remba. Ilikuwa omena kabisa, ila ya bahari. Nilifurahi kuliko inavyompasa mzee, nikavimaliza na vya Masanja.

Kisha Manong akatoa jiko dogo la gesi achemshe kahawa. Kila akiliwasha upepo ukalizima. Nikavua koti, nikachuchumaa, nikamkingia. Moto ukashika.

"Umezoea hii kazi," akasema.

"Kwetu tunaukimbia upepo. Hata dhahabu tunachomea ndani."

"Mnachoma dhahabu na nini?"

"Na zebaki. Kidonge. Ndiyo tumekuja huku tuiache."

Alikuwa ameshika kijiko, kikasimama. "Ndani wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni mnamopikia?"

"Ndiyo. Tunafunga mlango."

"Na watoto wanakuwa wapi?"

Atieno, mtoto wa Nyar Kadem, alilala kwenye mkeka kando ya jiko. Nilikuwa nimemruka mara nyingi, nikinyoosha mguu taratibu nisimwamshe, nikienda kuangalia kidonge kimefika wapi.

"Ndani," nikasema.

Manong akaweka kijiko chini. Hakukasirika. Laiti angekasirika. "Huku pia walituletea zebaki zamani. Wazee wetu wengine waliichoma, lakini uani, na hata hivyo tuliwaona walivyokwisha. Ndani, mlango umefungwa, sijawahi kusikia. Nani aliwafundisha hivyo?"

"Ofisi."

"Ofisi haiingii jikoni kwa mtu. Mtu gani?"

Kulikuwa na watu tisa pale juu, na hakuna hata mmoja aliyeijua Masara. Kusema kweli kusingenipunguzia kitu. Nilifungua mdomo niseme ni mimi, nikasikia mdomo ukisema, "Mkubwa wangu mmoja. Alishafariki."

Masanja alikuwa hatua mbili kutoka hapo, anafunga kamba za viatu. Mikono yake ikakoma.

"Basi Mungu amrehemu," alisema Manong, akainua birika.

Alipanga vikombe vinne vya plastiki juu ya jiwe lisilo sawa, akamimina. Upepo ulikuwa unaipeperusha hadi kola ya shati lake. Kahawa ilishuka kwenye vikombe vyote vinne kama imeelekezwa na bomba, na juu ya jiwe halikuanguka hata tone. Mzee huyu alikuwa ameyeyusha dhahabu zaidi ya miaka hamsini. Niliitazama mikono ile, nikauona mkono wa Nyar Kadem ukimimina vikombe sita, kisha nikaiona mikono yake miwili imekikumbatia kikombe kimoja. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona hofu. Vijikaratasi vya Meneja vilikuwa vimesema yote, nami nilisubiri mpaka nipande mlima wa watu ndipo niviamini.

Kushuka kulikuwa kubaya. Magoti yalilalamika, visigino vilitoka damu, na mawe saba yalinivuta nyuma. Masanja alitembea nami nyuma ya wenzetu.

"Mzee Mwita, samahani nikuulize. Yule mkubwa wako alifariki lini? Maana kwenye ndege alikuwa mzima, anafuga mbuzi."

Nikazidi kuchechemea.

"Na kwenye ndege ile njia ilikuwa yako."

"Nilijua utasema."

"Mimi sikuhukumu, kaka. Hata mimi nina ya kwangu Geita. Ila yule mzee amemwombea rehema mtu aliye hai, na mimi nimekaa kimya nikiitikia amina. Sasa tuko wawili." Akanyoosha mkono. "Lete hayo mawe nikusaidie, au yatupe."

Niliyatupa sita. Lile la saba nililisaga wiki iliyofuata kwenye chumba cha mafunzo. Halikuwa na kitu, kama Manong alivyosema.

Siku ya kuondoka nilimtafuta Manong nimweleze. Walisema amepanda tena mlimani na wageni wengine. Nilimwachia koti langu.

Nilirudi Migori nikaandika ripoti ya kurasa nane. Kwenye ukurasa wa tatu nilieleza njia ya kufunga mlango ilivyoanza, nani aliianzisha, na kwamba nyumba zilizoifuata zipimwe afya, hasa waliokuwa watoto wakati ule. Meneja aliisoma yote mbele yangu, akavua miwani.

"Mzee Mwita, hii ni ripoti, si kitubio. Ukurasa wa tatu uondoe."

"Ndio ukurasa wa maana, madam."

"Najua. Lakini wafadhili wakisoma kwamba ni sisi tulifunga hiyo milango, watafunga mradi. Halafu boraksi itapelekwa Masara na nani? Wewe na baiskeli?"

Alikuwa na haki nusu, na nusu hiyo ilitosha kunishinda. Niliutoa ukurasa, nikaukunja, nikautia mfukoni. Ripoti ikaenda na kurasa saba na ikasifiwa. Nayasema haya bila kumlaumu. Yeye alikuwa na mradi wa kuokoa. Deni la kusema lilikuwa langu.

Tulipeleka boraksi Masara mwezi huohuo. Nilifundisha nje, mahali peupe, upepo ukivuma, na mtu akiuliza kuhusu wezi nilimwambia tutakaa wengi. Tone la kwanza lilipozama na kung'aa, kinamama walipiga vigelegele. Watu walipotawanyika nilimfuata Nyar Kadem hadi kwake. Aliniweka kiti nje ya jiko lilelile. Atieno, sasa mwanamke mzima, alikuwa anapukuchua mahindi kando. Alichelewa sana kusema alipokuwa mdogo, na shule ilimshinda mapema. Ni mpole, husema neno mojamoja.

Nyar Kadem akaleta chupa ya chai, akamimina. Chai ilikwenda kwenye kikombe, kwenye sinia, na kwenye goti langu.

"Pole, Japuonj. Hizi mikono zimekuwa za mlevi, na mimi pombe sigusi."

Mfukoni nilikuwa na ule ukurasa wa tatu. Sikuutoa. "Nyar Kadem, ile ya kufunga mlango ilitoka kwangu. Ofisi haikusema. Ni mimi."

"Si najua ni wewe? Ulisimama hapo na hiyo kofia yako."

"Nilikosea. Ule moshi ndio umefanya mikono yako hivyo. Tulifungia sumu ndani, pamoja na wewe."

Kuku akapita kati yetu, mama hakumfukuza. Halafu akamwelekeza Atieno kwa kidevu. "Na huyo? Huyo alikuwa analala hapo kando ya jiko."

"Sijui, mama."

"Wewe ndio Japuonj. Kila siku unajua. Leo ndio hujui?"

"Sijui. Nataka twende naye hospitali wamwangalie, na wewe pia. Lakini mimi sijui."

Alifuta sinia kwa pindo la leso yake, polepole, mkono ukimkatalia. Nilingoja matusi, na ningeyapokea. Akasukuma chupa ya chai mpaka ikagusa mkono wangu.

"Basi mimina wewe."

Nilimtazama nione kama ni mzaha. Katika boma lile mgeni mwanamume hamimini chai mwenye nyumba akiwa ameketi. Hata mpita njia angesimama ashangae. Hakuwa anacheka.

"Mimina. Kuanzia leo ukija hapa, mwenye kumimina ni wewe."

Hospitali tulikwenda. Daktari alisema mikono ya mama haitarudi kama zamani, ila haitazidi kuharibika sana akikaa mbali na moshi. Kuhusu Atieno alisema hawezi kusema ni moshi wala si moshi. Jibu hilo ninaishi nalo.

Nilistaafu kwa hotuba fupi na soda. Wiki iliyofuata nilimtembelea Mkaguzi Mkuu kati ya mbuzi wake, nikamwambia nilimuua kwenye kilele cha mlima Ufilipino. Alicheka akakohoa. "Umenizika ng'ambo, na mimi hata ndege sijapanda!" Kisha akatulia, akatazama kiganja chake. "Lakini ile ya kwamba haiumi, hiyo ni mimi nilisema." Tukakaa kama wazee wawili wanaosubiri mvua.

Barua yenye fremu niliishusha ukutani. Ndani ya fremu sasa kuna ule ukurasa wa tatu, na vijana wakija ndio ninaowapa wasome kwanza, kabla ya habari za nyundo na karai. Kama wanataka ushauri wa mstaafu, nawaambia hivi: unapomfundisha mtu jambo, rudi kwake baada ya miaka kumi uangalie mikono yake. Ofisi haitakutuma. Nenda tu.

Mimi huenda Masara kila mwezi. Nakaa kwenye kiti kilekile, Nyar Kadem ananigombeza kwa kuchelewa, nami namimina chai. Mwezi uliopita nilianza na kikombe chake kama kawaida, na nilipofika cha pili nikaona chai inatambaa kwenye sinia. Nilifikiri kikombe kina ufa. Nikakaza mkono, na mkono haukukazika. Nyar Kadem aliona. Alikuwa na nafasi ya kusema chochote alichotaka, naye ana mdomo, lakini alinyamaza.

Atieno aliacha mahindi, akaja, akaichukua chupa mkononi mwangu. "Lete," alisema. Akamimina vikombe viwili vilivyobaki, polepole, mama yake na mimi tukiangalia sinia. Halikuanguka tone.